Sala ya Mezani ya Mchungaji Rinkart

Hii si hadithi ya paukwa-pakawa, wanangu. Mji wa Eilenburg upo mpaka leo. Ukiwa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, unapanda treni na muda si mrefu umefika. Mto Mulde unapita ubavuni mwake. Hapo ndipo alipozaliwa Martin Rinkart, mwaka 1586, na baba yake alikuwa fundi wa mapipa.

Msiidharau kazi hiyo. Siku zile hapakuwa na madumu ya plastiki. Bia, siki, unga, samaki wa chumvi, vyote vilitiwa ndani ya mapipa ya mbao, na pipa likivuja fundi ndiye aliyetafutwa. Martin hakurithi nyundo ya baba yake, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri. Alipelekwa Leipzig kusoma na kuimba katika shule ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, ileile ambayo zaidi ya miaka mia moja baadaye ilipata mwalimu wa muziki aitwaye Johann Sebastian Bach. Kisha akasoma theolojia katika chuo kikuu cha mji huohuo, na mwaka 1617 akarudi kwao Eilenburg kuwa mchungaji wa Kilutheri. Kupanda mimbarani mbele ya watu waliokujua ukikimbia pekupeku si jambo jepesi, lakini alikubali.

Mwaka uliofuata vita vikaanza.

Vitabu vya historia huviita Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Vilianza kama ugomvi kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, vikageuka kuwa wafalme kugombea ardhi na madaraka, hata Ufaransa ya Kikatoliki ikajikuta upande mmoja na Waswidi wa Kiprotestanti. Mapigano mawili makubwa, la Breitenfeld mwaka 1631 na la Lützen mwaka 1632, yalipiganwa karibu kabisa na Leipzig. Askari wa enzi hizo mara nyingi hawakulipwa mshahara kwa wakati, kwa hiyo walijilipa wenyewe: walilala katika nyumba za watu, wakala nafaka za watu, wakaondoka na vyombo vya watu. Nyumba ya Mchungaji Rinkart haikusalimika. Askari walipangiwa kukaa humo, na akiba yake ndogo ya nafaka ikaporwa.

Eilenburg ulikuwa na ukuta. Kwa mkulima wa kijiji cha jirani aliyeona moshi kwa mbali, ukuta ulikuwa tumaini. Basi wakimbizi wakamiminika, familia kwa familia, mpaka kila chumba, kila stoo na kila banda likajaa watu.

Katika miaka hiyo, karibu na 1636, Rinkart alitunga sala ya mezani.

Ilikuwa fupi. Ilikusudiwa kusemwa au kuimbwa watu wakikaa kula, watoto wakiwamo. Mawazo yake aliyatoa katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na ambacho Martin Luther alikitafsiri akakiweka miongoni mwa vitabu vinavyofaa kusomwa. Ubeti wa kwanza unawaita watu wote wamshukuru Mungu, na hautaji ulimi peke yake. Unataja moyo, unataja kinywa, kisha unataja mikono. Unakumbusha pia kwamba wema wa Mungu ulitufikia tungali wachanga, tukibebwa na mama. Ubeti wa pili ni wa kuomba: moyo wenye furaha, amani, kuokolewa na taabu. Wa tatu unamsifu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, basi, umekwisha, chakula kisipoe.

Ishikeni hiyo mikono, tutairudia.

Wahubiri wengi husimulia kwamba Rinkart aliuandika wimbo huu siku aliyomzika mke wake, au siku vita vilipokwisha. Hupendeza masikioni, najua, na wasikilizaji hutoa leso. Mimi naona ukweli ni mzuri kuliko hayo. Sala ilikuwapo kabla ya tauni iliyoukumba mji huo baadaye. Iliandikwa kwa ajili ya siku ya kawaida, mkate upo mezani, mtoto anamnyemelea mwenzake sahani. Ilipofika siku isiyo ya kawaida ikawa tayari imezoeleka.

Tauni iliingia mwaka 1637. Wakati huo hakuna aliyejua habari za vijidudu. Walichojua ni kwamba mtu aliamka na homa, uvimbe ukatokea, na baada ya siku chache jirani wakabisha hodi kwa mchungaji. Mji uliojaa hivyo ulikuwa shamba la ugonjwa. Inahesabiwa kwamba watu wapatao 8,000 walikufa, wenyeji pamoja na wakimbizi. Mchungaji mkuu wa mji aliondoka kwenda mahali salama. Wachungaji wengine wawili walikufa, na Rinkart ndiye aliyewazika. Akabaki peke yake.

Sasa fanyeni hesabu nami. Inasimuliwa kwamba siku nyingine alizika watu 40, hata 50. Tuseme kila ibada ya maziko ilichukua dakika kumi tu, yaani wimbo mmoja, somo, sala, udongo. Watu 40 mara dakika kumi ni dakika 400. Hizo ni karibu saa saba za kusimama kaburini, na bado kuna wagonjwa wanaosubiri kuombewa majumbani, na wafiwa, na watoto wake mwenyewe wanaotaka kula. Aliowazika kwa mkono wake katika tauni ile walizidi 4,000. Mwishowe watu walizikwa kwa pamoja katika mahandaki, bila ibada, kwa kuwa uwezo wa kibinadamu una mwisho. Mwezi wa Mei mwaka huohuo alifariki mke wake.

Yeye mwenyewe tauni haikumgusa. Kwa nini? Sina jibu la kuwapa, na ningewaomba mumwogope kidogo mtu yeyote mwenye jibu la haraka juu ya hilo, maana wale wachungaji wawili aliowazika nao walikuwa watu wa sala.

Baada ya tauni ikaja njaa, kali mno. Habari zilizobaki zinasema watu thelathini au arobaini walionekana wakipigania barabarani paka aliyekufa, au kunguru. Hapa ndipo mikono ya ule ubeti wa kwanza inapoingia. Rinkart aligawa alichokuwa nacho, akabakiza kiasi cha kuwatosha kwa shida watu wa nyumbani mwake. Mlangoni pake palijaa watu. Alilazimika kukopa kwa kuweka rehani mapato yake ya miaka iliyokuwa mbele, ili watoto wake wapate mkate na nguo.

Kisha Waswidi. Walifika wakadai mji uliokuwa hoi uwalipe sarafu za thaler 30,000. Rinkart akatoka na baadhi ya watu kwenda kumsihi kamanda wao. Kamanda akakataa. Inasimuliwa kwamba Rinkart aliwageukia wale watu akawaambia kuwa, kwa vile wanadamu wamewanyima huruma, waende kwa Mungu. Akapiga magoti palepale, wakaimba wimbo wa watu walio katika dhiki, wakaomba. Kamanda alipoona hivyo moyo ukamlainika, na deni likashuka hadi sarafu za florini 2,000. Angalieni jambo moja katika kisa hicho. Mbele ya yule kamanda Rinkart hakuimba wimbo wake wa shukrani. Aliimba wimbo wa kulilia msaada. Alijua kila sala na wakati wake.

Hapa mtoto mwenye akili huuliza swali, na kwenye darasa la kipaimara huwa hakosekani: "Kwa hiyo nikiugua malaria nimshukuru Mungu kwa malaria?"

Hapana, mwanangu. Hakuna mahali ambapo Rinkart alishukuru kwa ajili ya tauni. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wawe watu wa kushukuru katika hali zote, na Paulo aliijua hali mbaya, maana alikuwa amechapwa bakora Filipi na miguu yake kutiwa kwenye mkatale, na usiku wa manane yeye na Sila walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu gerezani. Lakini Paulo huyohuyo alipokuwa na mwiba mwilini aliomba mara tatu uondolewe. Kushukuru hakukumzuia kusema "hiki kinaniuma, kiondoe".

Mfano ulio wazi kuliko wote uko kwa Yesu mwenyewe, kaburini kwa Lazaro. Somo hilo liko katika Yohana sura ya 11, na ningependa mlisome polepole. Yesu anafika, anawakuta Mariamu na watu wakilia, naye analia. Mistari michache tu baadaye jiwe linaondolewa, anainua macho na kumshukuru Baba kwa kumsikia. Machozi na shukrani mahali pamoja, mchana mmoja, kwa mtu mmoja. Isitoshe, alishukuru Lazaro akiwa bado amelala ndani.

Kwa hiyo mkiona mfiwa anayelia msimwambie aache kulia amshukuru Mungu. Hayo ni maneno ya mtu anayetaka kilio kimwishie yeye masikioni. Zaburi nyingi huanza kwa malalamiko makali, na zimo katika Biblia, hakuna aliyezifuta.

Je, mazoea? Wengine husema sala ya mazoea haina uhai, na kwamba shukrani ya kweli lazima ibubujike yenyewe. Naelewa wanachokiogopa. Nimewahi kusikia sala ya chakula ikisemwa kwa pumzi moja, "Bwana-tunashukuru-bariki-chakula-hiki-amina", na vijiko vimeshafika kwenye wali kabla ya amina. Hata hivyo mtazameni Danieli. Mfalme Dario ametia sahihi amri kwamba kwa siku thelathini yeyote atakayeomba kwa mungu au mtu mwingine isipokuwa mfalme atatupwa kwa simba. Danieli anajua. Anakwenda nyumbani, chumba chake cha juu kina madirisha yaliyofunguliwa kuelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kwa siku, anaomba na kumshukuru Mungu. Mwandishi anaongeza maneno machache ambayo wasomaji wengi huyaruka: ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zamani. Kama Danieli angesubiri mpaka amri itoke ndipo ajifunze kushukuru, sidhani kama magoti yangekubali.

Sala zetu nyingi, tuwe wakweli, hufanana na karatasi anayopewa mtoto akitumwa dukani: sukari, chumvi, kiberiti, na usisahau chenji. Kuomba si kosa. Yesu alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Rinkart naye aliomba, katika ubeti wa pili. Ila alitanguliza ubeti wa kwanza, na huo alikuwa ameuandika wakati ghala lake lilikuwa halina uhakika.

Mpangilio huo una kazi yake. Mtu anayeanza kwa kutaja alichopewa hulazimika kukumbuka, na kukumbuka humtaka atazame vitu kimoja kimoja. Jaribuni leo usiku. Msiseme "asante kwa kila kitu", maana kila kitu ni jina la uvivu. Tajeni: maji ya bomba yaliyotoka asubuhi, dada aliyekupikia uji akiwa na usingizi, mwalimu aliyerudia hesabu ileile bila kukasirika, goti lililopona. Mkifika kwenye la tano au la sita mtaona mmeanza kufikiria watu, na baadhi yao hamjawahi kuwaambia asante ana kwa ana. Wale wakoma kumi katika Injili ya Luka nadhani wote walifurahi kupona. Mmoja ndiye aliyegeuka njiani, akarudi kwa miguu yake mpaka alipokuwa Yesu, naye alikuwa Msamaria, mtu ambaye wengi wasingemtarajia.

Kuhusu mikono, Walutheri wa Tanzania hawahitaji kufundishwa na mtu wa Eilenburg, ingawa ujamaa upo. Wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na shirika la Leipzig, mji uleule alikosomea Rinkart, na nyimbo za Kijerumani za enzi zake zilikuja pamoja nao. Nyingi zimo katika vitabu vya nyimbo vya Kiswahili mpaka sasa. Lakini mnada wa Sikukuu ya Mavuno ni wa kwetu, na sijaona shukrani ya mikono inayopendeza kuliko ule.

Mnaujua. Jumapili hiyo madhabahuni hakuna pa kukanyaga: mahindi, maharage, mkungu wa ndizi wenye utomvu bado mbichi, maboga, na jogoo aliyefungwa miguu anayekatiza mahubiri kila mchungaji anapofika penye uzito. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, na mzee wa kanisa mwenye sauti anashika usukani. Boga linakwenda. Jogoo anakwenda. Kisha linainuliwa yai moja, limewekwa juu ya bakuli. Limeletwa na bibi ambaye kila mtu anajua hana zaidi. Mnadi anataja bei ya kuanzia, mtu anaongeza, kwaya inaanza kuchokoza kwa wimbo, bei inapanda mpaka yai linazidi thamani ya kuku aliyelitaga. Mnunuzi analipa, halafu analirudisha: liuzwe tena. Linauzwa tena. Yule bibi amekaa kwenye benchi, ameshika kitenge mdomoni, anacheka mpaka machozi. Mwishoni yai anapewa mgeni au mtoto, na fedha zinaingia kwenye hazina ya usharika. Naambiwa kuna sharika zinazoona mnada unapoteza muda na zingependa bahasha peke yake. Bahasha ni safi na ina haraka, nakubali. Haichekeshi mtu, wala haimwonyeshi bibi kwamba yai lake lilionekana.

Wimbo wa Rinkart haukubaki mezani. Mwaka 1647 Johann Crüger, mwanamuziki wa Berlin, aliuchapisha ukiwa na tuni inayojulikana hadi leo. Bach aliutumia katika kazi zake. Mwaka 1757 askari wa Prussia waliuimba jioni, baada ya kushinda vita vya Leuthen, na tangu hapo watu wakaanza kuuhesabu kuwa wimbo wa ushindi. Hilo halinipendezi sana. Sala ya mtu aliyeporwa nafaka na askari kuimbwa na askari juu ya uwanja wenye maiti, hapo kuna kitu kimepinda. Naupenda zaidi ulivyoimbwa mwaka 1955 katika kambi ya Friedland, wafungwa wa mwisho wa vita wa Kijerumani walipokuwa wakirejea kutoka Muungano wa Sovieti, miaka kumi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Wale walikuwa wanarudi kula mezani kwao.

Na Rinkart? Amani ilitiwa sahihi Oktoba 1648. Aliiona, ila kwa muda mfupi. Alikuwa amechakaa, mzee kuliko miaka yake. Mngedhani mji ungembeba mabegani. Shukrani ya punda, wanasema wahenga wetu, ni mateke: inasimuliwa kwamba wakuu wa mji walimsumbua kwa madai ya fedha, na mema aliyotenda hayakupata heshima yaliyostahili. Alikufa Desemba 1649, akiwa na miaka 63.

Siku hizi wamejirekebisha. Shule moja ya sekondari mjini Eilenburg inaitwa kwa jina la Martin Rinkart, na nadhani humo pia, kama huku kwetu, sala za shukrani huongezeka sana siku ya matokeo.